Ukibaki na Fungu Dogo, Usikae Ukingoja Kadi Nzuri

Katika mashindano ya poka, kadi mbaya hazitoi watu mchezoni kama kungoja kunavyowatoa. Msee amebaki na chipu chache, anajikunyata kitini, anatupa kadi, anatupa tena, anajiambia mgao ujao utamletea A mbili. Mgao ujao unakuja na 9 na 4. Anatupa. Chipu zinazidi kupungua na yeye hajafanya lolote. Siku A mbili zikija, fungu lake limeshakuwa dogo hivi kwamba hata akishinda hakuna kinachobadilika.

Maoni yangu ni haya, na najua kuna watakaoyapinga. Kwa mwenye fungu dogo, subira haivuti heri. Ngojangoja huumiza matumbo, na kwenye poka huumiza kwa kipimo kinachoweza kuhesabiwa.

Lakini nina neno la pili, na hilo ndilo lililonifanya niandike. Hesabu inayomruhusu mchezaji kusukuma chipu zake zote mezani haifanyi kazi kwenye kodi ya nyumba, karo, wala pesa ya kuongeza bidhaa kwenye kibanda. Vijana wengi mtaani wamebeba nusu ya kwanza ya somo hili wakaacha ya pili barabarani. Wanasema "mimi natia zote" kama watu waliosoma mchezo, kumbe wamesoma kichwa cha habari tu.

Twende polepole. Na kama hujafikisha miaka 18, soma hii kama somo la hesabu. Meza ya pesa si yako.

Poka gani hiyo?

Ukitaja poka kwenye ploti nyingi za Nairobi, wasee watadhani unazungumzia ile kadi yetu: 2 na 3 za kumuokotesha jirani, J ya kumruka, K ya kurudisha mchezo, na mtu akikaribia kumaliza anatangaza "niko kadi". Ile ni tamu, lakini siyo hii.

Hii ni Texas Hold'em. Kila mtu anapewa kadi mbili za siri, kisha kadi tano zinafunuliwa katikati kwa ajili ya wote. Mwenye kadi tano bora kati ya hizo saba anachukua chipu zilizo mezani. Kuna nafasi kadhaa za kuongeza dau, na wakati wowote unaweza kutupa kadi zako ukaacha mambo yaende. Wengine wote wakitupa, unashinda bila kuonyesha ulichoshika. Hilo likumbuke, maana hoja yangu nzima imekaa juu yake.

Kwenye mashindano unalipa kiingilio mara moja, unapewa chipu sawa na wenzako, na zikiisha unaenda nyumbani. Chipu zenyewe si pesa. Huwezi kuinuka katikati ya mchezo ukaenda kuzibadilisha.

Kabla ya kila mgao, watu wawili hulazimika kuweka chipu mezani hata kama hawajaona kadi: mmoja huweka dau dogo, jirani yake huweka dau kubwa. Mashindano mengi siku hizi yana pia ante, ambayo mwenye dau kubwa huilipia meza nzima. Zamu hiyo inazunguka, kila mtu itamfikia. Na kila baada ya muda fulani, madau hayo ya lazima yanapandishwa.

Huo ndio moto ulio chini ya sufuria. Bila madau yanayopanda, ungeweza kukaa wiki nzima ukingoja A mbili kwa raha zako. Lakini kukaa kuna bei, kama nyumba ya kupanga. Ukilala kodi inakuja, ukiamka kodi inakuja.

Pima kabla ya kuogopa

Kuna mzee mmoja Mmarekani, Dan Harrington, aliyeshinda pambano kuu la World Series of Poker mwaka wa 1995. Kiingilio cha pambano hilo ni dola 10,000. Mwaka wa 2003 alifika tena kwenye meza ya mwisho kati ya wachezaji 839, na mwaka uliofuata akaifika tena kati ya wachezaji 2,576. Huyu si mtu wa kelele. Mwaka wa 2005 alitoa kitabu cha pili katika mfululizo wake, kinachohusu mwisho wa mashindano, na humo akaeneza kipimo kiitwacho M. Herufi hiyo inatokana na jina la Paul Magriel, mwanahisabati na bingwa wa bakgamoni.

M ni rahisi kuliko kugawana bili ya nyama choma. Chukua chipu ulizo nazo, gawanya kwa gharama ya mzunguko mmoja wa meza. Jibu linakuambia ungeishi mizunguko mingapi kama ungekaa tu bila kucheza.

Harrington aliigawa M kwa rangi. Zaidi ya 20 ni kijani: una nafasi ya kucheza kila aina ya mchezo. Kati ya 10 na 20 ni njano, uangalifu unaanza. Kati ya 6 na 10 ni chungwa, silaha zako zimeanza kupungua. Kati ya 1 na 5 ni nyekundu, na hapo umebaki na silaha moja tu yenye maana: kutia zote. Chini ya 1, bado unapumua lakini mchezo umekwisha kukusahau.

Tuchukue mfano. Dau dogo ni 500, dau kubwa ni 1,000, ante ni 1,000. Kila mzunguko unakula chipu 2,500. Wewe una 10,000. M yako ni 4. Uko kwenye nyekundu.

Sasa pima na kungoja kwenyewe. A mbili huja kwa wastani mara moja katika migao 221. Kwenye meza ya watu tisa, mizunguko yako minne ni migao 36. Yaani unangoja basi linalopita mara moja katika 221, na kituo kinafungwa baada ya 36. Na hapo tumehesabu kana kwamba madau hayatapanda tena, na yatapanda.

Mwingine anaambiwa hivyo bado anajibu, "Mungu hamtupi mja wake." Sawa, mzee. Lakini dau kubwa linakufikia baada ya dakika chache.

Kutisha ndiyo mali yako

Fungu dogo, hata kama ni la nyanya nne kwa mama mboga, lina thamani maadamu linaweza kumuumiza mtu. Ukisukuma chipu 10,000, mwenye dau kubwa lazima aongeze 9,000 ili akufuate. Mezani kuna 12,500. Ukipiga hesabu, anahitaji kushinda kama mara 42 katika 100 ili asipate hasara kwa kukufuata. Kwa kadi nyingi alizopewa, hana uhakika huo. Kwa hiyo mara nyingi atatupa.

Hii ndiyo tofauti kati ya anayesukuma na anayefuata. Anayesukuma kwanza ana njia mbili za kushinda: wenzake watupe, au wamfuate halafu kadi zake ziwashinde. Anayefuata ana moja tu, kadi zake. Mwandishi David Sklansky aliita hali hii pengo: unahitaji kadi nzuri zaidi kumfuata mtu kuliko zile unazohitaji kuanzisha wewe mwenyewe.

Tuiweke kwenye namba. Uko kwenye kiti cha mgawaji na walio mbele yako wametupa wote. Wamebaki wawili, mwenye dau dogo na mwenye dau kubwa. Mezani kuna 2,500. Kadi zako ni za kawaida. Tuseme katika mara 100, hao wawili watatupa mara 60. Mara 40 zilizobaki mwenye dau kubwa anakufuata, na kwa kuwa amefuata na kitu kizuri, unamshinda mara 14 tu, yeye anakushinda mara 26.

Mara 60 unaokota 2,500, jumla 150,000. Mara 14 unapata faida ya 11,500, jumla 161,000. Mara 26 unapoteza 10,000 zako zote, jumla 260,000. Toa hasara kwenye faida: unabaki na 51,000. Gawanya kwa 100, kila msukumo umekuletea wastani wa chipu 510.

Ona kilichotokea. Ukifuatwa unashindwa karibu mara mbili katika kila tatu, na bado ulikuwa sahihi kusukuma. Faida yako imetoka kwenye woga wa wenzako. Kadi zilikuwa kikolezo tu.

Sasa angalia yule aliyengoja. Amekaa karibu mizunguko mitatu akitupa, amebaki na 3,000. Hatimaye anaamua na kuzisukuma. Mwenye dau kubwa anatakiwa kuongeza 2,000 tu kupigania 5,500 zilizo mezani. Anahitaji kushinda mara 27 tu katika 100. Hata 7 na 2 za aina tofauti, kadi zinazochekwa kuliko zote, zinaishinda A na K karibu theluthi moja ya mara. Kwa hiyo atafuata na chochote, akiwa anatafuna karanga.

Na huyu aliyengoja akishinda? Anafikisha chipu 7,500. Amepigana vita vya kufa na kupona, akashinda, na bado yuko nyuma ya pale alipokuwa alipoanza kungoja. Ndiyo maana nasema subira yake haikuwa bure. Aliinunua kwa kitu pekee alichokuwa nacho, uwezo wa kumfanya mtu mwingine asite.

Kusukuma si kufumba macho

Isije mtu akasema nimewaambia wasee wasukume chochote. Mwenye fungu dogo huchagua kwa makini kuliko tajiri wa meza, kwa sababu hana nafasi ya jaribio la pili.

Anaangalia kiti kwanza. Akiwa wa kwanza kuongea na watu wanane wako nyuma yake, uwezekano kwamba mmoja ameshika kitu kikali ni mkubwa. Hapo anasukuma jozi nzuri na A yenye mwenzake wa maana. Akiwa kwenye kiti cha mgawaji na wote wametupa, mlango unafunguka: jozi yoyote, A na karibu kadi yoyote, K na Q, hata kadi zinazofuatana za aina moja.

Pili anaangalia watu. Tajiri wa meza mwenye chipu 80,000 haumii sana akipoteza 10,000, kwa hiyo hatishiki. Mwenye fungu dogo zaidi yako huenda amekata tamaa, atafuata na lolote. Wa kumlenga ni yule wa katikati, mwenye kitu cha kupoteza na matumaini ya zawadi.

Tatu, hafanyi mambo nusunusu. Kuweka 3,000 kati ya 10,000 halafu mtu akipandisha unatupa, huko ni kujikata mguu ili upunguze uzito. Na kufuata dau la mwenzako kwa kadi dhaifu ndiyo mbaya kabisa, kwa sababu umebaki na njia moja ya kushinda badala ya mbili.

Mambo haya hayajatoka kwenye moyo wa simba. Yametoka kwenye hesabu. John Nash, yule mwanahisabati aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka wa 1994, aliweka poka ndogo ya watu watatu kama mfano kwenye tasnifu yake ya udaktari ya mwaka wa 1950. Leo programu za kompyuta hutumia wazo lake la usawazo kutengeneza majedwali ya kusukuma na kutupa. Mkibaki wawili tu mezani, na wewe mwenye dau dogo una fungu la madau makubwa kumi, jedwali linakuambia usukume zaidi ya nusu ya kadi zote unazoweza kupewa. Kompyuta haina ujasiri wala woga. Imejumlisha tu.

Ile hadithi ya chipu moja

Kila mtu anayependa poka amesikia habari za Jack Straus. Mwaka wa 1982, kwenye World Series of Poker huko Las Vegas, alisukuma chipu zake akashindwa. Hadithi inavyosimuliwa, alipokuwa anainuka aliona chipu moja ya 500 imejificha chini ya karatasi ya kupangusia mikono. Kwa kuwa hakuwa ametamka kwamba anatia zote, ilihesabiwa kuwa yake. Akaketi, akacheza, akawashinda wote na kuondoka na dola 520,000. Hapo ndipo watu walipopata usemi kwamba mchezaji anahitaji chipu moja na kiti tu.

Ni hadithi nzuri. Lakini ndiyo hiyo hiyo inayowapoteza watu. Mwaka ule walikuwa wachezaji 104. Mshindi alikuwa mmoja, na tangu hapo maelfu kwa maelfu wamebaki na chipu moja na kiti, wakapoteza chipu, wakaacha kiti, na hakuna aliyewaandikia hadithi. Tunaikumbuka ya Straus kwa sababu ni adimu, halafu tunaifanya kanuni.

Vivyo hivyo Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee aliyeshinda pambano hilo kuu mwaka wa 2003 na kupata dola milioni 2.5. Watu hukumbuka hizo milioni. Mimi hukumbuka kwamba aliingia kupitia mashindano madogo ya intaneti kwa dola 86. Angeshindwa, angekuwa amepoteza dola 86 tu. Angeamka kesho yake akaenda kazini.

Hata mezani, kutia zote kuna mpaka

Kabla hatujatoka kwenye meza, kuna jambo moja ambalo mashabiki wa kutia zote hawapendi kulisikia. Ukikaribia zawadi, chipu unayoipoteza ina uzito kuliko ile unayoipata.

Tuseme mmebaki watatu. Zawadi ni Sh50,000 kwa wa kwanza, Sh30,000 kwa wa pili, Sh20,000 kwa wa tatu. Chipu ni 5,000, 3,000 na 2,000, na wewe ndiye mwenye 2,000. Fungu lako linastahili shilingi ngapi?

Wachezaji hutumia hesabu inayojulikana kwa herufi ICM. Mzizi wake uko kwenye makala ya David Harville ya mwaka wa 1973, iliyohusu kukadiria farasi wa mbio watamaliza kwa mpangilio gani. Ukiitumia hapa, fungu lako la 2,000 linastahili karibu Sh28,900. Una moja ya tano tu ya chipu zote lakini unastahili zaidi ya robo ya pesa, kwa sababu zile Sh20,000 za nafasi ya tatu tayari ni zako.

Sasa sukuma dhidi ya mwenye 3,000. Ukishinda, unakuwa na chipu 4,000. Umeziongeza maradufu. Je, thamani yako imeongezeka maradufu? Hapana. Imefika karibu Sh36,400. Umepata Sh7,500 hivi. Ukishindwa, unaenda na Sh20,000, umepoteza karibu Sh8,900. Kwa hiyo kumfuata mtu hapo kwa bahati ya nusu kwa nusu ni hasara. Unahitaji kushinda kama mara 54 katika 100.

Ona basi: hata ndani ya mchezo, ambako kila kitu kimewekewa mipaka, mara tu chipu zinapogeuka kuwa pesa halisi, kutia zote kunaanza kuwa ghali. Je, nje ya mchezo?

Kodi si chipu

Hapa ndipo ninapogombana na wale wanaotuuzia "tia zote" mitandaoni, wakiwa wameegemea magari ambayo sijui ni ya nani.

Mimi niliacha chuo karo ilipokatika. Najua fungu dogo lilivyo, na nimesikia kila aina ya ushauri juu yake. Wazee husema vumilia, mambo yatanyooka. Simu inasema weka hiyo elfu mbili ya mwisho, ujaribu bahati yako, uamke tajiri. Hawa wawili wanaonekana wapinzani lakini wanafanana: hakuna aliyepiga hesabu.

Msukumo wa fungu dogo unafanya kazi kwa sababu ya kuta tatu. Ya kwanza: hasara imelipwa mapema. Kiingilio kilitoka mfukoni kabla hujaketi, na meza haiwezi kukudai zaidi. Ya pili: mbele yako kuna binadamu anayeweza kuogopa na kutupa kadi. Ya tatu: ukitoka leo, wiki ijayo unaweza kuingia mashindano mengine na kupewa fungu sawa na wenzako.

Sasa jaribu kuzitafuta kuta hizo kwenye ule mchezo wa ndege unaopaa kwenye simu, ambao umekausha akaunti za wasee wengi. Ndege haina kadi ya kutupa. Haikuogopi. Hakuna namna ya kuitisha kwa elfu mbili wala kwa milioni mbili. Ukitia zote hapo, umebaki na njia moja ya kushinda, na mwenye mchezo ameshaipanga ili kwa muda mrefu ibaki upande wake. Mkeka wa mechi kumi nao ni hivyo hivyo. Timu ya Uingereza haitajua kamwe kwamba umeweka kodi ya Oktoba, kwa hiyo haiwezi kusita kwa ajili yako.

Na ukuta wa tatu haupo kabisa. Ukipoteza kodi, hakuna anayekupa fungu jipya siku ya Jumamosi. Kuna landilodi na kufuli.

Basi fungu dogo la maisha linafundishwa nini na poka? Nadhani linafundishwa kipimo. Chukua pesa uliyo nayo, gawanya kwa gharama ya mwezi mmoja: kodi, chakula, nauli, bando, kile unachotuma nyumbani. Hiyo ndiyo M yako. Vijana wengi ninaowajua hawajawahi kuipiga, na wanashtuka wakiipiga.

Linafundishwa pia kutenda ukiwa bado unaweza kusema hapana. Mwenye akiba ya miezi mitatu anaweza kukataa kazi ya mshahara wa dharau, na mwajiri akajua anaweza kukataa. Mwenye nauli ya kesho tu hawezi, na hilo linaonekana usoni hata akivaa suti. Kuongea na landilodi tarehe 25, kabla ya kuchelewa, ni tofauti sana na kuongea naye tarehe 12 akiwa mlangoni. Kuuza kitu usichokitumia leo kwa bei yako ni tofauti na kukiuza usiku kwa bei ya mnunuzi. Huko ndiko kusukuma mapema. Unasukuma ombi, simu, barua, jasho, kitu ambacho kikikataliwa kinakuachia pumzi. Chakula cha watoto hakiingii kwenye orodha hiyo.

Kwa wale wanaotaka kuujua mchezo wenyewe, ushauri wangu hauhitaji pesa hata moja. Kwetu kwenye ploti tunacheza kwa vifuniko vya soda. Kila mtu anaanza na 30, madau yanapandishwa kila baada ya dakika kumi na tano, na fundi mmoja wa simu ndiye anayeshika saa. Somo zima limo humo. Utamwona msee akijikunyata na vifuniko vinne akingoja A mbili. Utamwona mwingine akisukuma kila mgao kama mwenda wazimu. Na polepole utaona nani anahesabu. Vifuniko vikiisha, mtu anacheka, anaenda kununua smokie.

Kwa hiyo, mezani au nje ya meza, kabla hujasukuma chochote jiulize maswali matatu. Je, hasara nimeshailipia, au itanifuata nyumbani? Je, mbele yangu kuna mtu anayeweza kusita, au ni mashine isiyonijua? Je, nikishindwa leo, kuna mgao mwingine?

Majibu yote matatu yakiwa mazuri, sukuma, tena sukuma mapema kabla fungu halijawa kichekesho. Hata moja likiwa baya, pesa hiyo si chipu. Irudishe mfukoni, ukalipe kodi.